Rangi ya Jua Pasipo Jua: Historia ya Losheni za Kahawia na Ngozi Iliyoharibiwa na Jua

Losheni za rangi ya jua, yaani vipodozi vinavyoipa ngozi nyeupe rangi ya kahawia pasipo mtu kukaa juani, zina historia isiyofika miaka sabini tangu zilipoanza kuuzwa kwa wingi madukani. Hata hivyo, historia hiyo haieleweki bila kuitanguliza ile ya jua lenyewe, kwa kuwa bidhaa hizi zililengwa kwa watu wa Ulaya, Marekani na Australia ambao kwa vizazi viwili walikuwa wamefundishwa kwamba ngozi iliyogeuzwa rangi na jua ndiyo ngozi yenye afya. Miongoni mwa wanaozitumia leo wamo wengi ambao ngozi zao zimekwisha kuharibiwa na jua hilo hilo na ambao madaktari wamewakataza kuliota tena. Makala haya yanashikilia kwamba karibu kila kosa lililofanywa katika historia ya rangi hii, na wauzaji kwa watumiaji, lilitokana na kuidhania rangi kuwa ni ngao, ilhali rangi ya losheni ni doa tu lililowekwa juu ya seli zilizokwisha kufa.

Kwa karne nyingi watu wa tabaka la juu barani Ulaya walilikimbia jua. Ngozi ya kahawia ilikuwa alama ya mkulima, kibarua na baharia, watu ambao hawakuwa na namna ya kulikwepa, na mwanamke wa ukoo wenye mali alivaa glavu na kofia pana na kubeba mwavuli ili uso wake usimshushie hadhi. Mapinduzi ya viwanda yaliigeuza maana hiyo polepole, kwa sababu katika karne ya 19 maskini wa miji ya Uingereza na Ujerumani hawakuwa tena mashambani, bali walikuwa ndani ya viwanda, machimbo ya makaa na nyumba za vichochoroni zisizoona mwanga. Humo watoto walikua na matege kwa kukosa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza pale ngozi inapopigwa na jua, na humo kifua kikuu kiliua watu wazima kwa wingi. Weupe uliokuwa fahari ukaanza kuonekana kuwa dalili ya ugonjwa na ya ufukara.

Madaktari ndio waliolitia jua heshima mpya. Niels Finsen, aliyezaliwa katika visiwa vya Faroe na kufanya kazi Copenhagen, alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali wa taa za kaboni, na mwaka 1903 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka huo huo Auguste Rollier alianza kuwatibu kwa jua wagonjwa wa kifua kikuu huko Leysin, kijiji cha milimani nchini Uswisi, ambako wagonjwa walilazwa kwenye baraza wakiwa karibu uchi na kuanikwa kwa utaratibu maalumu, kwanza nyayo kwa dakika chache, kisha miguu, hadi baada ya siku kadhaa mwili mzima ukawa juani. Rollier aliihesabu rangi ya kahawia iliyojitokeza kuwa ni kipimo cha nguvu ya mwili kupambana na ugonjwa, na kutoka katika hospitali za namna hiyo fikra ya kwamba rangi ni afya ikaenea hadi katika vitabu vya malezi, shule za hewa wazi na matangazo ya reli zilizowapeleka watu pwani.

Mitindo ya mavazi ilikuja baada ya hapo. Husimuliwa mara kwa mara kwamba mbunifu wa mavazi Coco Chanel ndiye aliyeanzisha mapenzi ya rangi ya jua aliporejea kutoka pwani ya kusini ya Ufaransa mwaka 1923 akiwa ameiva kwa jua, lakini simulizi hilo humpa mtu mmoja sifa ya jambo ambalo hospitali na walimu wa afya walikuwa wamelitayarisha kwa miaka ishirini. Biashara ilifuata upesi: mwaka 1927 Jean Patou alitoa mafuta ya kupaka wakati wa kuota jua, na katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya L'Oréal, iliyoasisiwa na mkemia Eugène Schueller, ikatoa mafuta ya Ambre Solaire. Likizo yenye malipo ilipokuwa haki ya wafanyakazi wa Ufaransa mwaka 1936, maelfu ya familia ambazo hazikuwahi kuiona bahari zilishuka pwani na chupa hizo mikononi.

Wakati huo huo ushahidi wa upande wa pili ulikuwa umekwisha kuandikwa na haukusomwa. Mwaka 1894 Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Hamburg, alieleza hali aliyoiita ngozi ya mabaharia, ambayo ilikuwa nene, kavu, yenye mabaka ya rangi na magamba, na ambayo kwa baadhi yao ilizaa saratani usoni na mikononi. Na katika miaka iliyofuata William Dubreuilh wa Bordeaux aliona saratani ya ngozi kwa wingi kwa wakulima wa mizabibu kuliko kwa watu waliofanya kazi ndani ya nyumba. Mwaka 1928 George Findlay alichapisha matokeo ya majaribio yake jijini London yaliyoonyesha kwamba panya waliomulikwa mara kwa mara na mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga isiyoonekana kwa macho ambayo ndiyo hubabua ngozi, walipata uvimbe wa saratani. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwaka huo wa 1928 uliangukia katikati kabisa ya shamrashamra za kuota jua.

Hapa inafaa ieleweke rangi ya jua ni nini hasa. Ngozi ya binadamu ina seli zinazotengeneza melanini, chembe za rangi ambazo watu wenye asili ya Afrika huzaliwa nazo kwa wingi na watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini huwa nazo kwa uchache. Mionzi ya urujuanimno inapopenya ngozi nyeupe na kuharibu vinasaba ndani ya seli hai, uharibifu wenyewe huwa ndio ishara inayoziamuru seli za melanini kuongeza rangi, kwa hiyo rangi inayojitokeza baada ya siku mbili au tatu huja baada ya jeraha na kwa sababu ya jeraha. Nayo hulinda kidogo sana. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya madhara hayo, lakini yale yasiyorekebishwa hujilimbikiza mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana athari zake huonekana kwa mtu wa miaka hamsini aliyeungua akiwa mtoto.

Athari hizo zinaonekana wazi mno kwenye mkono wa mkulima mzee wa Queensland, nchini Australia. Sehemu ya ndani ya mkono juu ya kiwiko, iliyofunikwa na shati maisha yake yote, huwa laini na ya rangi moja, ilhali upande wa nje wa kiganja huwa na ngozi iliyopauka na kukunjamana kwa kuwa nyuzi zake za mnyumbuko zimevunjika, madoa bapa ya kahawia yaliyotawanyika, michubuko ya zambarau inayotokea kwa kuguswa tu, na hapa na pale kibaka kidogo chenye gamba kavu ambacho kidole hukitambua kabla ya jicho, kwa sababu hukwaruza kama msasa. Kibaka hicho huitwa keratosisi ya jua, maana yake ni mahali ambapo seli za ngozi zimeanza kukua kombo na kurundika keratini, protini ngumu inayojenga pia kucha na nywele. Vingi hubaki hivyo au hutoweka vyenyewe, lakini vichache hugeuka kuwa saratani, na hakuna anayeweza kujua kwa kutazama tu ni kipi kitakachogeuka. Rangi ya losheni ilipokuja kukutana na ngozi ya namna hii, gamba hilo ndilo lililokuwa na neno la kwanza, kama itakavyoonekana.

Rangi za bandia za kwanza zilikuwa za kupaka na kuosha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nailoni na hariri zilipochukuliwa kutengenezea miavuli ya askari, wanawake wa Uingereza na Marekani walikosa soksi ndefu na wakajipaka rangi miguuni, ama ile ya dukani kama iliyotolewa na Elizabeth Arden, ama maji ya chai na rangi ya mchuzi ya jikoni, kisha wakachora mstari nyuma ya mguu kwa penseli ya nyusi ili uonekane kama mshono wa soksi. Rangi hizo zilichujuka kwa mvua na kuchafua nguo. Rangi iliyokuja kuyafuta mambo hayo ilitokea katika wodi ya watoto.

Kemikali yenyewe, dihidroksiasetoni, ilikuwa inajulikana tangu karne ya 19. Ni sukari ndogo kuliko karibu zote, yenye atomu tatu tu za kaboni, na Mfaransa Gabriel Bertrand alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba bakteria fulani huitengeneza kutokana na gliserini, njia ambayo viwanda vinaitumia hadi leo. Katika miaka ya 1920 ilijaribiwa nchini Ujerumani kama badala ya sukari kwa wagonjwa wa kisukari. Miaka thelathini baadaye, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein aliitumia kuchunguza watoto wenye ugonjwa wa kurithi ambao huufanya mwili ushindwe kuitumia glaikojeni, yaani akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Watoto hao walinyweshwa dozi kubwa, na kama walivyo watoto mbele ya dawa, baadhi yao waliitema au kuimwaga mwilini. Baada ya saa kadhaa wauguzi waliona madoa ya kahawia kwenye ngozi mahali dawa ilipodondokea, huku shuka na nguo zikiwa hazina doa lolote.

Wengi wangeyasugua madoa na kuendelea na kazi. Wittgenstein alitengeneza maji ya dihidroksiasetoni, akajipaka mwenyewe, na kuyapata madoa yale yale. Kisha, akishirikiana na Helen Berry, akachapisha matokeo mwaka 1960 katika jarida la Science, na mwaka uliofuata wakaeleza namna kemikali hiyo inavyoshikana na ngozi ya sugu, yaani ngozi nene iliyokufa ya nyayo na viganja. Walichokiona ni kwamba sukari hiyo hushikana na asidi za amino, vijenzi vya protini, katika tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo si hai tena bali ni mapande ya keratini yanayosubiri kupukutika. Tendo hilo ni lile lile ambalo mkemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912 na ambalo huupa ganda la mkate rangi yake, isipokuwa kwenye ngozi halihitaji moto. Rangi huanza kuonekana baada ya saa mbili hadi nne, huendelea kukolea hadi siku nzima, na hupotea ndani ya takriban wiki moja kadiri seli hizo zinavyopukutika. Utepe wa gundi ukibandikwa na kubanduliwa mara kadhaa mahali pamoja, rangi hutoka nao, jambo linaloonyesha jinsi ilivyo juu juu.

Thamani ya ugunduzi huu kwa madaktari ilikuwa dhahiri tangu mwanzo. Mtu mwenye barasi, ambaye mabaka ya ngozi yake yamepoteza melanini, angeweza kuyapaka rangi inayokaribiana na ngozi iliyobaki, na rangi hiyo isingetoka kwa maji wala kuchafua kola ya shati. Wafanyabiashara waliona soko kubwa zaidi. Mwaka 1960 kampuni ya Coppertone, iliyokuwa maarufu kwa mafuta ya kuotea jua, ilitoa losheni iliyoitwa QT, na karibu na wakati huo huo ikatoka nyingine iliyoitwa Man-Tan, iliyolengwa kwa wanaume waliotaka kuonekana kama watu waliotoka likizo. Zote mbili ziliacha michirizi na rangi ya machungwa iliyokolea zaidi viwikoni, magotini na vifundoni, kwa sababu mahali penye ngozi iliyokufa kwa unene ndipo penye protini nyingi za kushikana na sukari. Aibu ya rangi ya machungwa iliziandama losheni hizi kwa miaka ishirini, mpaka viwanda vilipojifunza kuisafisha dihidroksiasetoni na kuipunguza hadi kati ya 3% na 5% kwa losheni nyingi, na baadaye kuichanganya na eritrulosi, sukari nyingine inayotenda polepole zaidi.

Rangi mbaya, hata hivyo, haikuwa dosari kubwa kuliko zote. Dosari kubwa ilikuwa kwamba chupa hizo ziliuzwa na watu wale wale waliouza mafuta ya kuotea jua, kwenye rafu zile zile, kwa picha zile zile za ufukweni, na mnunuzi aliyejiona kahawia kiooni aliamini kwamba sasa anaweza kukaa juani bila kuungua. Ngozi ya watu hao ilikuwa nyeupe kama jana chini ya doa. Rangi ya dihidroksiasetoni huzuia mionzi kwa kiasi kidogo tu, ambacho kwa kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa kwa herufi SPF ni kama 3 au 4, na hata hicho hupungua rangi inapopukutika, ilhali madaktari hupendekeza kinga isiyopungua 30. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliikubali kemikali hiyo katika miaka ya 1970 kuwa rangi ya vipodozi vya kupaka nje ya mwili, lakini ilikuwa hadi mwaka 1999 ndipo ilipotunga kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji kuandika onyo kwenye bidhaa za rangi ya jua zisizo na kinga, kwamba hazimkingi mtu na kuungua. Karibu miaka arobaini ilipita kati ya kosa na onyo.

Wapo waliojaribu kuigeuza rangi iwe ngao kweli. Katika miaka ya 1960 Robert Fusaro na wenzake nchini Marekani waliwatibu wagonjwa ambao ngozi zao haziwezi kustahimili mwanga kwa kuwapaka dihidroksiasetoni pamoja na lausoni, na mchanganyiko wa mbili hizo ulizuia mwanga zaidi ya kila moja peke yake. Lausoni ndiyo rangi ya hina. Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekuwa wakijua kwa karne nyingi kwamba hina hukolea zaidi viganjani na nyayoni, hutoweka polepole kadiri ngozi inavyobadilika, na haiwezi kuharakishwa kutoka. Nayo hufuata kanuni ile ile ya kushikana na keratini iliyokufa. Kwa hiyo bi harusi wa pwani na mgonjwa wa Marekani walipakwa kitu kimoja kwa makusudio mawili tofauti.

Mchanganyiko wa Fusaro haukupata soko kubwa, na miaka ya 1970 ilileta mashindano mabaya. Friedrich Wolff wa Ujerumani alieneza vitanda vya taa za urujuanimno, ambavyo mtu hulala ndani yake na kumulikwa juu na chini, na biashara hiyo ikaenea miji ya Ulaya, Marekani na Australia kwa madai kwamba taa hizo zilikuwa salama kuliko jua. Vilikuja pia vidonge vya kantazanthini, rangi inayotumika kwenye vyakula, ambavyo viligeuza ngozi kuwa ya machungwa na kuacha chembe zinazong'aa ndani ya retina ya jicho, na katika miaka ya karibuni sindano na dawa za puani za melanotani zinazouzwa kwa njia ya intaneti pasipo kibali, ambazo huziamuru seli kutengeneza melanini na hubadilisha madoa ya kuzaliwa kwa namna inayowatia madaktari wasiwasi. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, liliviweka vitanda vya taa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku na asbesto.

Australia ndiyo nchi iliyojifunza somo hili kwa gharama kubwa. Wakazi wake wengi ni wa asili ya Uingereza na Ireland, wenye ngozi iliyozoea mawingu, waliohamia chini ya jua kali, na tangu mwaka 1956 Henry Lancaster alikuwa ameonyesha kwamba vifo vya melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za melanini na iliyo hatari kuliko saratani nyingine za ngozi zilizo za kawaida, huongezeka kwa watu wa asili ya Ulaya kadiri wanavyoishi karibu na ikweta. Mwaka 1981 katika jimbo la Victoria ilianzishwa kampeni iliyowaambia watu kwa maneno matatu mepesi wavae shati, wapake kinga na waweke kofia kichwani, kampeni ambayo watoto wa wakati huo wanaikumbuka mpaka leo. Biashara ya vitanda vya taa ilipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya nchi kufikia mwaka 2015. Katika mazingira hayo losheni ya rangi ya jua ilipata kazi mpya yenye heshima, kwa kuwa msichana aliyekatazwa ufukwe na kitanda cha taa aliweza kuambiwa kwamba, ikiwa lazima awe kahawia, basi ajipake.

Ushauri huo ni sahihi, na haupaswi kubezwa. Ila uliwafikia pia watu ambao ngozi zao zilikuwa zimekwisha kuharibika, na hapo ndipo jambo lililoonekana Cincinnati, la rangi kushikana na keratini iliyokufa, lilipojitokeza tena. Keratosisi ya jua, kwa vile ni rundo la keratini, hunywa rangi kuliko ngozi inayoizunguka, na vivyo hivyo madoa ya uzee yenye magamba, kiasi kwamba mtu aliyejipaka ili afiche mabaka hujikuta ameyapigia mstari. Kwa upande mmoja hiyo ni faida, kwa sababu kibaka ambacho hakikuwa kimeonekana hudhihirika. Kwa upande mwingine daktari anayechunguza ngozi kwa kioo cha kukuza huona michoro ya rangi isiyo ya ngozi bali ya losheni, na doa lisilo na hatari linaweza kuonekana kama melanoma, au wekundu wa saratani changa ukafunikwa. Ndiyo maana mtu anayekwenda kuchunguzwa madoa yake hutakiwa aende na ngozi tupu, rangi ikiwa imekwisha kupukutika, au walau amwambie daktari kwamba amejipaka.

Matibabu ya ngozi hiyo yana mambo yake pia. Vibaka vya keratosisi hugandishwa kwa naitrojeni ya maji au hupakwa krimu ya fluorourasili, ambayo huichubua ngozi mpaka iwe nyekundu na yenye vidonda kabla ya kupona, na losheni haipakwi juu ya ngozi iliyo wazi namna hiyo mpaka iwe imefunga kabisa. Watumiaji wa krimu za retinoidi, ambazo ni jamii ya vitamini A na huharakisha upukutikaji, huiona rangi ikitoka mapema na kwa mabaka. Ngozi ya uzeeni ni kavu, kwa hiyo hulainishwa kwanza na kusuguliwa taratibu kwa kitambaa, si kwa dodoki kali linaloweza kuichana, na kiasi kidogo zaidi hupakwa viwikoni, vifundoni na penye magamba. Mzio dhidi ya dihidroksiasetoni yenyewe ni nadra, lakini manukato na vihifadhi vilivyomo huwasha, na kujaribu tone ndani ya mkono kwa siku moja ni tahadhari ndogo isiyogharimu kitu.

Rangi za kunyunyiza zilipoenea saluni mwishoni mwa karne ya 20, mtu akisimama ndani ya kibanda na kufukizwa ukungu wa rangi, swali likawa si la ngozi tena bali la mapafu. Kibali cha Marekani ni cha kupaka nje tu, nacho hakihusu midomo, utando wa pua wala sehemu za macho, na kunyunyiza ndani ya vibanda hakujaidhinishwa. Mteja hushauriwa kujikinga macho, midomo na pua na asivute ukungu huo. Umoja wa Ulaya mwaka 2021 uliweka kikomo cha 10% kwa losheni hizi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2008 uliongeza jambo lililowashangaza wengi, kwamba ngozi iliyopakwa dihidroksiasetoni kwa kiwango kikubwa cha 20% kisha ikamulikwa muda mfupi baadaye ilitoa radikali huru, yaani molekuli zenye hamaki zinazoharibu seli, kwa zaidi ya 180% ya ziada ikilinganishwa na ngozi isiyopakwa. Ulikuwa utafiti wa maabara kwa kiwango kinachozidi losheni za kawaida, na haukuthibitisha saratani, lakini ushauri uliotokana nao una busara: mtu aliyejipaka akae mbali na jua kwa siku ya kwanza, na baada ya hapo avae na kupaka kinga kama mtu asiye na rangi yoyote.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa na melanini ya kuzaliwa, historia hii inaweza kuonekana ya mbali, lakini ina miguso miwili. Piko nyeusi inayopakwa watalii katika fukwe za Unguja mara nyingi huchanganywa na rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, kemikali inayoweza kuivimbisha ngozi malengelenge na kuacha kovu, na haina undugu na hina wala na losheni zilizoelezwa hapa. La pili ni zito zaidi. Ngozi zilizoharibiwa vibaya na jua nchini Tanzania ni za watu wenye ualbino, ambao hawana melanini ya kuwalinda na ambao saratani ya ngozi huwaanza wakiwa vijana, na ni kwa ajili yao kwamba kitengo kilichoko katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, kilianza kutengeneza krimu ya kinga inayoitwa Kilisun. Losheni ya kahawia haiwezi kuwafanyia kazi hiyo hata kidogo, na muuzaji yeyote atakayewaambia kwamba wakiwa kahawia wanaweza kulima mchana bila kofia anarudia kosa la mwaka 1960 kwa watu ambao kwao litakuwa na madhara makubwa zaidi.

Losheni ya rangi ya jua, ikitumiwa kwa kilichokusudiwa, ni kipodozi salama kwa ngozi iliyochoka na jua, na ni heri mara nyingi kuliko ufukwe au kitanda cha taa. Anayeitumia akiwa na ngozi ya namna hiyo aanze kwa daktari wa ngozi kabla ya chupa, aipake juu ya ngozi nzima isiyo na kidonda, na kibaka chochote kinachotoka damu, kinachokua, kinachobadilika rangi au kisichopona kwa wiki kadhaa akionyeshe hospitali kabla ya kukipaka rangi.